Mwavuli Uliozaliwa kwenye Kiberiti

Kuna watu wanaozaliwa na mdomo na kuna wanaozaliwa na macho. Mama Albamu alizaliwa na macho. Mdomo aliongezewa baadaye, na aliyempimia hakuwa mkono wa birika.

Macho yenyewe yalikuwa ya ajabu. Ukimpita njiani leo, mkaonana tena baada ya mwaka, atakuambia kifungo cha tatu cha shati lako si kile cha zamani. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipokuja mjini akiwa msichana na kupata kazi kwenye studio ya picha, kwenye meza ya kukabidhi. Alizeekea pale. Bwana harusi akija kuchukua picha zake, Mama Albamu hakuuliza risiti. Alimtazama pua, akavuta droo, akatoa bahasha. Alikosea mara moja tu, alipompa mtu picha za pacha wake, na mapacha wenyewe walikaa nazo mwaka mzima wasigundue.

Studio ilikuja kufungwa, maana siku hizi kila mtu anatembea na studio mfukoni. Mwenye studio alimwachia Mama Albamu sanduku la picha zisizofuatwa na wenyewe. Wenzake wa rika lile walistaafu wakabaki nyumbani kulalamikia magoti. Yeye naye aliyalalamikia, ila njiani akienda chuoni. Alijiandikisha kusoma historia.

"Mama!" binti yake wa mwisho alishika kichwa. Huyu alikuwa msusi, ana saluni yake sebule ya mbele, na nyumbani walimwita Kitinda. "Utakaa dawati moja na watoto wa wateja wangu!"

"Nitawasaidia kuona ubaoni. Macho yao yote yameliwa na simu."

Mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Fundi kwa kuwa ndiye aliyejenga nusu ya kuta zake na kuzipiga lipu nusu iliyobaki, aliuliza jambo moja tu. "Ukishasoma, utaendelea kunielewa nikiongea?"

"Hata sasa sikuelewi, Fundi. Nimekuzoea tu."

Mwalimu wake chuoni alikuwa kijana mpole mwenye shahada kubwa, akiitwa Daktari. Maskini wa Mungu, tangu ahamie mtaa ule hakuwahi kufika kazini bila kusimamishwa na mgonjwa.

"Mimi ni daktari wa historia, mama yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Na kiuno hiki kina historia ndefu."

Daktari aliwapa wanafunzi wake kazi. Kila mmoja achague kumbukumbu moja ya kale, jengo au sanamu, lakini asiulize imejengwa na nani. Aulize imepigwa picha mara ngapi, imechorwa wapi na wapi, na kila ilipohama, kutoka jiwe kwenda karatasi, karatasi kwenda bati, bati kwenda simu, imeongezewa nini na imepunguzwa nini.

"Mnadhani sanamu imesimama pale pale," alisema. "Inasafiri. Kila picha ni safari, na hakuna msafiri anayefika bila vumbi."

Mama Albamu hakuhitaji kufikiri. Alimchagua Mzee wa Mwavuli.

Mzee wa Mwavuli alisimama kwenye mzunguko wa barabara mbele ya stesheni. Koti refu, kidevu juu, mkono wa kulia umeinua mwavuli wa saruji uliofunguka, umeinama kidogo upande mmoja kama kofia ya mtu mwenye maringo. Alikuwa nani? Maandishi ya chini yalikwisha kulambwa na mvua. Wengine walisema ni hakimu, wengine mganga, wengine mtu aliyechimba kisima cha kwanza. Walevi walisema ni mwenzao, alitoka kununua sigara.

Na sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo sufuria inapopata kifuniko chake. Mkono ule na mwavuli ule vilikuwa kazi ya Fundi. Akiwa kijana kulipiga dhoruba, dhoruba ya kweli, si hizi za siku hizi. Ilibeba mabati hadi mji wa jirani na watu wa kule wakaezekea. Ilimchukua mbuzi wa mwuza maziwa ikamrudisha amenyolewa. Asubuhi yake mkono wa sanamu ulikutwa chini, umesagika kama unga. Mafundi wakubwa waliogopa kumgusa mtu aliyesimama muda wote ule bila kukaa. Fundi akapanda jukwaa, akasuka chuma, akakandika saruji. "Nimemrudisha kama alivyokuwa," alimwambia kila aliyepita. Asiyepita alimfuata.

Na msichana wa studio ya picha, ambaye alihamia mjini baada ya dhoruba, Fundi alimposa kwa sanamu hiyo hiyo. Alimsimamisha chini yake akamwambia, "Niliyeweza kumfunika mtu wa jiwe, nitashindwa kukufunika wewe?" Mdomo ule wote wa Mama Albamu, siku hiyo ulikosa la kusema. Ndiyo siku pekee inayokumbukwa.

Sasa Fundi amestaafu, mikono inatetemeka, hawezi tena kunyoosha hata kamba. Lakini kila siku jua likipinduka alibeba kigoda chake, akaenda kukaa chini ya mwavuli wake, akisalimiwa. Ukuta aliojenga ukibomolewa alisema, "Si kitu, mzee bado yupo."

Mama Albamu alifunga kamba ya kuanikia nguo sebuleni, akabana picha kwa vibanio, mpya huku, za kale kule. Wateja wa Kitinda, vichwa vimefungwa taulo, walipita chini ya kamba wakiinama na kutoa maoni bila kuombwa. Ya kwanza ilikuwa stika ya simu, mwavuli wa zambarau unaozunguka. Ikafuata picha ya keki, ambapo mzee alikuwa na macho ya pipi. Nembo ya timu ya mpira, mwavuli mkubwa kuliko mtu. Ukuta wa kinyozi, mzee kanyolewa mtindo ambao enzi zake hata wembe wake ulikuwa haujatengenezwa. Sinia la bati, mzee mnene, kwa kuwa sinia lenyewe ni pana. Jalada la daftari la shule. Na kiberiti cha zamani sana, ambacho kilichapwa na kiwanda cha mbali, kimeandikwa "Mzee wa Mwavuli", na mzee anatabasamu kama aliyelipwa.

"Kitu kimoja kinanisumbua," alimwambia Kitinda. "Tazama. Hapa kwenye kiberiti mwavuli umenyooka. Kwenye daftari umeinama, kwenye sinia umeinama, hadi kwenye keki umeinama. Nani aliuinamisha?"

"Mama, wewe unatafuta chawa kwenye upara."

Basi akarudi kwenye sanduku la studio, akapekua hadi chini. Na chini kabisa akaitoa picha moja ya kale.

Ilikuwa bwana na bibi wamesimama mbele ya stesheni, enzi za kabla ya dhoruba. Nyuma yao, sanamu. Mkono juu, vidole vimekunjuka, mtupu. Mtu anayeita mchukuzi. Hakuna mwavuli. Ila juu ya kichwa chake, kwenye ukuta wa stesheni, palikuwa na weusi wa mviringo, mpana, na mstari mwembamba chini yake. Ukiitazama kwa haraka ungesema mwavuli. Mama Albamu hakutazama chochote kwa haraka. Ule ulikuwa uvuli wa tangi la maji la stesheni, lililosimama juu ya nguzo yake, tangi ambalo walikuja kuling'oa zamani. Nyuma ya picha mpiga picha alikuwa ameandika kwa penseli: *Mzee wa Uvulini.*

Akakaa kitako palepale sakafuni.

Uvuli na mwavuli ni ndugu wa tumbo moja. Mchoraji wa kiwandani, ambaye hajawahi kuukanyaga mji ule, aliletewa picha yenye ukungu na jina la kusikia. Akamchukua ndugu siye. Akachora mwavuli. Kiberiti kikaingia kila jiko, na watu waliopita mbele ya sanamu kila siku wakaanza kuuona mwavuli pale ulipokuwa uvuli, kwa sababu kitu cha kila siku nani anakikagua?

Lakini sanamu yenyewe ilipataje mwavuli? Hilo lilikuwa na mtu wa kuulizwa, na alikuwa uani anajinyoa.

"Fundi. Ulipomtengeneza yule mzee, mwavuli uliutoa wapi?"

"Nilimrudisha kama alivyokuwa."

"Alivyokuwa wapi?"

"Kwenye kiberiti," alisema Fundi, na povu lake shavuni, bila wasiwasi wowote. "Mkono ulisagika wote, ningejuaje? Nilikuwa na kiberiti mfukoni, nikakiweka mbele yangu jukwaani, nikakifuata."

Akamwonyesha picha. Fundi aliitazama muda mrefu, povu likakauka.

"Huyu nani?"

"Ndiye yeye."

"Mwavuli wake uko wapi?"

"Hakuwa nao. Ulikuwa uvuli wa tangi."

Fundi akafuta uso, upande mmoja umenyolewa, upande mmoja bado. Akachukua kigoda chake. Mama Albamu alidhani anaelekea stesheni. Alikwenda nacho nyuma ya choo, akakaa akitazama ukuta.

Lingeishia hapo lingekuwa la nyumbani, na la nyumbani huisha kwa chai. Lakini wiki hiyo hiyo halmashauri ya mji ilitangaza kwamba sanamu itasafishwa na kurudishwa katika hali yake ya asili. Wakauliza chuoni kama kuna anayejua asili yake. Daktari, kwa furaha na moyo mweupe, alisema yupo mwanafunzi wake mmoja, na huyo mwanafunzi aje mbele ya mkutano wa mji aeleze. Mama Albamu alijua vizuri: akionyesha ile picha, kesho yake wanapanda na msumeno. Fundi hatakuwa na kitu kilichosimama.

Nyumbani kukawa na baridi ya kuvaa soksi. Fundi hakusema na mkewe. Alisema kupitia saluni.

"Kitinda, mwambie msomi chumvi imepungua."

"Mama, baba anasema chumvi imepungua."

"Mwambie baba yako nimesikia, nimekaa naye kiti kimoja."

"Mwambie sikujua kama anasikia. Nilidhani siku hizi anasoma tu."

Mteja mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele akanong'ona, "Jamani, hii ni bora kuliko redio." Nywele zake zilikwisha kukauka kitambo. Hakusema.

Mama Albamu akaenda kwa Daktari. "Picha ile moja, nikiiacha sandukuni?"

Daktari akavua miwani. "Mama, ukificha picha moja, zote zilizobaki zinageuka uongo. Naelewa mzee wa nyumbani ataumia. Lakini utafiti hauna mume."

"Mtafiti anaye. Na anakula maharage bila kusema neno."

"Siwezi kukuambia uifiche."

"Najua, mwanangu. Daktari gani wewe, huna hata dawa ya maumivu?"

Kijana wa watu akasikitika kweli, hadi akamsindikiza getini na kumbebea begi.

Siku ya mkutano jua liliwaka la kukaanga yai kwenye kofia ya polisi. Mama Albamu alitoka mapema akapitia stesheni. Kigoda cha Fundi hakikuwepo. Alikuwepo mng'arisha viatu peke yake na kisanduku chake cha rangi.

"Shikamoo mama. Fundi haonekani, anaumwa?"

"Marahaba. Anaumwa mwavuli."

"Mwavuli unaumaje?"

"Ukipata mke mwenye macho utajua."

Akakaa. Alipokuwa anakaa, mng'arisha viatu akanyanyua kisanduku, akakisogeza kidogo. Baada ya muda akakisogeza tena. Mama Albamu akamtazama.

"Una kiroboto?"

"Hapana, mama. Nafuata uvuli. Asubuhi nakuwa kule, mchana hapa, jioni namalizia karibu na ngazi. Bila huu mwavuli ningekwisha kuwa kaa la moto. Hapa mbele ya stesheni hakuna pengine."

Mama Albamu akanyanyua uso. Juu ya kichwa chake, saruji ya mumewe, imeinama kidogo upande mmoja. Chini, miguu yake miwili ndani ya duara jeusi. Akakaa hivyo kitambo, mdomo wazi, hadi mng'arisha viatu akamuuliza kama kuna nzi ameingia.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Kipaza sauti kilipiga yowe kama paka aliyekanyagwa, kikatulia. Mama Albamu alitundika kamba yake ya nguo mbele ya waheshimiwa, vibanio na yote, akaanza na stika, akarudi nyuma hatua kwa hatua, keki, nembo, sinia, daftari, kiberiti. Watu walicheka, walifurahi. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka akaingia Fundi, amevaa koti lake la harusi, amenyoa pande zote mbili. Akakaa mwisho kabisa.

Angeweza kuishia kwenye kiberiti. Kibanio cha mwisho kilikuwa mkononi, picha ilikuwa ndani ya begi, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama mumewe. Fundi naye alimtazama, akainua kidevu kidogo tu, vile alivyokuwa akifanya kumwambia saidia fundi: *haya, lete tofali.*

Akaibana ile picha.

Akaeleza yote, uvuli wa tangi, ndugu wa tumbo moja, kiberiti, dhoruba. Ndipo sauti moja ikapasuka, "Kumbe Fundi kampa mtu mwavuli asiouomba!" Kicheko kikapita kama upepo kwenye mabati. Fundi akatazama viatu vyake.

"Basi imeeleweka," alisema mwenyekiti. "Mwavuli si asili. Tuukate, turudishe mkono mtupu."

"Mheshimiwa, sijamaliza. Mwenye macho hakatwi kauli." Mama Albamu akaweka kidole nyuma ya picha. "Mpiga picha hakuandika Mzee wa Mkono Mtupu. Aliandika Mzee wa Uvulini. Kilichomtambulisha yule mzee ni uvuli. Watu walikuwa wakingoja gari pale chini yake kwa sababu pana uvuli. Tangi mkaling'oa. Nani aliurudisha uvuli? Nendeni sasa hivi mkamtazame mng'arisha viatu anavyouzunguka kama mshale wa saa. Kiwanda kilikosea jina, na mume wangu akakifuata, hilo limeandikwa na sitalifuta. Lakini mkiukata mwavuli mtapata mkono wa asili na jua la asili. Mzee wa Uvulini hamtampata."

Mwenyekiti akajikuna kidevu. Na hapo Fundi akasimama.

"Naomba neno. Mwavuli ule ni wangu, kosa ni la kiberiti." Watu wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa na joto. "Mke wangu amesema kweli tupu. Lakini kuna moja hajui, na limemnyima usingizi. Nimemsikia akimuuliza binti yetu." Akamgeukia Mama Albamu, akasema naye moja kwa moja, bila Kitinda. "Uliuliza nani aliuinamisha."

"Niliuliza," alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya msichana wa studio.

"Kiberiti nilikuwa nimekikalia. Kilipinda mfukoni. Nikafuata hivyo hivyo kilivyopinda."

Hakuna kicheko kilichowahi kupigwa ukumbini mle kama kile. Wanasema kioo cha saa ya ukutani kilipasuka, na wazee wawili wakapona kikohozi. Daktari aliangukia meza. Mama Albamu hakucheka. Alichomoa kalamu kwenye nywele, na machozi yakimtoka, akaandika pembeni ya picha ya daftari: *Kuinama: kiberiti kilikaliwa. Chanzo: mume wangu.*

Mwavuli haukukatwa. Walikubaliana sanamu isafishwe tu, na ile picha ya kale iwekwe kwenye kioo pale chini, kila mtu ajionee. Fundi alirudi na kigoda chake siku iliyofuata, na sasa alikuwa na hadithi mbili za kuwafuatia wapita njia.

Gazeti la mji lilikuja kuwapiga picha pamoja, Fundi na sanamu, wamesimama bega kwa goti. Lilipotoka, Kitinda alilisoma kwa sauti mbele ya wateja. Chini ya picha palichapwa: *Mzee wa Mwavuli (kushoto), sanamu ya kale ya mji wetu, akiwa na fundi aliyemtengeneza (kulia).*

Fundi ndiye aliyekuwa kushoto.

"Wameshaanza," alisema Mama Albamu. Akakata kipande kile kwa mkasi wa saluni, akakibana kwenye kamba, upande wa mpya, baada ya stika. Akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama mtu wa pichani, kisha yule aliyekuwa akinywa chai kwenye kiti.

"Nani kabadilika?" aliuliza Fundi.

"Wewe umeongezewa umri na kupunguzwa mdomo. Usisogee, nakutazama."